Mawe Yetu Si Kifusi: Risala ya Wasugua Mawe wa Colmauro

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Dokta Evaristo Pelizzon, Mkurugenzi wa Ujenzi Mpya;
Mheshimiwa Meya wetu;
Baba Paroko;
Maafisa mliofuatana na mgeni, pamoja na dereva ambaye bado yumo ndani ya gari, shuka bwana, polenta ya mahindi inapoa;
Ndugu wa mtaa wa juu na ndugu wa mtaa wa chini:

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Colmauro siku hii ya Mtakatifu Floriano, tarehe nne Mei, 1979. Hii ni mara yako ya pili kufika kwetu. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 1977, ukiwa na kofia nyeupe ya plastiki, ukakaa dakika saba. Hatukulaumu. Mvua ilikuwa inanyesha, nasi tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka hoteli za pwani tulikohamishiwa baada ya tetemeko la pili, lile la Septemba 1976, hata kiti cha kukupa hatukuwa nacho. Leo viti vipo. Jibini ya kukaanga na viazi ipo, na mvinyo umetoka kwa ndugu zetu wa tambarare, kwa hiyo unanyweka.

Mimi ninayesoma naitwa Derna Zamolo, nilikuwa mpishi wa shule mpaka shule ilipoanguka. Sikuchaguliwa kwa kuwa ninasoma vizuri. Nilichaguliwa kwa kuwa katika kikao kizima ni mimi peke yangu niliyeahidi kwamba sitalia. Meya aliomba risala iwe fupi na yenye shukrani. Itakuwa fupi.

Tunajua umekuja kufanya nini. Umekuja kuweka jiwe la msingi la jengo la zege, ambalo ndani yake kutakuwa na kanisa, ofisi ya halmashauri na posta, vyote chini ya paa moja la bapa. Tunajua pia kwamba ndani ya mkoba wako kuna hati ambayo bado hujaitia sahihi. Hati hiyo inasema kwamba kuanzia Jumatatu mawe tuliyoyapanga kwenye uwanja wa mpira yatapakiwa kwenye malori, yasagwe, yawe kokoto za barabara mpya. Hatukuiba siri hiyo. Katika kijiji cha watu mia nne, karani wa Meya ni binamu wa kila mtu.

Basi tuseme mapema ili usisikilize kwa wasiwasi. Tuna ombi moja tu: hati hiyo isitiwe sahihi. Mengine yote tutakayosema ni sababu zake.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, Colmauro ilikuwa na majengo mawili yenye umri: Kanisa la Mtakatifu Floriano na Baraza la halmashauri, lile lenye matao matano. Yalikuwa yamegusana. Ukuta wa kaskazini wa kanisa ndio uliokuwa ukuta wa kusini wa Baraza, na kwa miaka mia nne na ushei maparoko na mameya wamegombana ni nani aliyemwegemea mwenzake. Hakuna aliyeshinda. Sisi wengine tulitoka misa kupitia mlango wa pembeni, tukajikuta barazani, tukakaa kwenye mabenchi ya mawe na kuanza kuwasema walewale tuliokuwa tumewaombea dakika tano kabla.

Mtaa wa juu husali Kislovenia, mtaa wa chini Kifriuli, na serikali zote huzungumza nasi kwa lugha nyingine. Bibi yangu alizaliwa chini ya mfalme wa Vienna, kitandani kwake, na akafa chini ya mfalme wa Roma, kitanda kilekile. Mpaka umehama mara kadhaa, na kila walipokuja wenye bendera mpya walipachika nembo yao kwenye Baraza na kubandua ya wenzao. Sisi hatukuhama. Tulichofanya ni kusugua.

Hapa naomba usikilize, kwa sababu hili ndilo ambalo ofisi yako haijawahi kuliandika popote. Kwetu hatuhesabu nyumba, tunahesabu majiko. Kila jiko lina mawe yake kanisani na barazani, na tarehe mbili Mei ya kila mwaka, siku mbili kabla ya sikukuu, jiko zima linatoka na ndoo ya maji ya moto ya majivu kwenda kusugua mawe yake. Hakuna anayegusa ya mwingine bila kuombwa. Mawe hurithiwa. Binti akiolewa huondoka na jiwe moja, na mama mkwe akimnyima ndoo siku hiyo, kesi inafika kwa paroko. Walioko kwenye migodi ya Ubelgiji au viwanda vya Ajentina husuguliwa mawe yao na jirani, na barua zao zikija huwa zimeanza kwa kuuliza habari za mawe hayo. Hata mwaka wa tetemeko, barua ya kwanza kutoka Rosario, kule Ajentina, haikuuliza kama nyumba imesimama. Iliuliza, "Mama yu hai? Na jiwe letu?"

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kila mmoja wetu ameanza kulishika jiwe lake akiwa na miaka sita au saba. Tunajua lilipobonyea, linapokwaruza, lina konokono gani aliyeganda ndani. Nikizimiwa taa zote bado nitakuambia jiwe la Zamolo ni lipi.

Tarehe mbili Mei 1976 tulisugua kama kawaida. Tarehe nne tukasherehekea. Tarehe sita, Alhamisi jioni, ardhi ilitikisika kwa muda usiofika dakika moja, na tukawazika watu thelathini na mmoja. Kanisa liliangukia Baraza na Baraza likaangukia kanisa, yakawa lundo moja. Mikono yetu ilikuwa bado inawashwa na majivu.

KOSA LETU

Kamati ya risala ilipendekeza sehemu hii iitwe "Uzoefu Tuliopata". Tulipiga kura, ikawa sita kwa sita, na karatasi iko mikononi mwangu.

Tulifanya kosa. Wiki ya pili zilikuja mashine za kufungua njia. Zilifanya kazi nzuri na hatusahau, lakini zilikuwa zinasukuma kila kitu kwenye korongo la mto. Tulipoona vichwa vya nguzo vinabingirika, hatukumpigia mtu simu, maana simu hazikuwepo. Kila jiko lilikimbilia lundo likachukua mawe yake. Kwa toroli, kwa machela, kwa mkokoteni wa nyasi. Waliokuwa wanalala kwenye mahema waliyaweka mlangoni mwa hema. Mama mmoja alilala na lake chini ya kitanda cha kambi mpaka tulipopelekwa pwani.

Tuliporudi tukaandika orodha, kwa kuwa tulisikia ofisi yako inataka orodha. Lakini mtu wa ofisi huandika: nguzo ya kaskazini, safu ya tatu, jiwe la nne. Sisi tuliandika kama tulivyozoea: mawe ya Zamolo, thelathini na manane, mawe ya Cerno, arobaini na moja, mawe ya Copetti, thelathini. Daftari tatu nzima za majina ya watu. Ofisi ilipozipata ilizisoma kama orodha ya wezi. Tulirudishiwa barua inayotukumbusha adhabu ya kuchukua mali ya kale ya umma.

Palikuwa na ubaya zaidi. Jiwe moja lilikuwa limeandikwa mara mbili. Ni yule simba wa Baraza, ambaye uso wake uliondolewa kwa patasi na askari wa Kifaransa zamani sana. Milka Cerno wa mtaa wa juu alimwandika kwake, na Tilio Copetti, mwashi wetu wa mtaa wa chini, akamwandika kwake. Afisa wako alikuja kuwasuluhisha. Tunanukuu, kwa sababu tulikuwepo sote:

"Wee Tilio, toa mkono wako hapo! Huyo simba nimemsugua makalio tangu nina miaka minane."

"Makalio ndiyo unayoyajua, Milka. Uso ulikuwa wetu."

"Uso gani? Unauona uso hapo?"

"Pale uso ulipokuwa! Pale! Marehemu baba alikuwa anapasugua kwa mswaki."

"Kwa mswaki! Ndiyo maana meno yalimwisha mapema, Mungu amrehemu."

Afisa aliandika kwamba orodha si ya kuaminika. Hakuuliza swali moja lililobaki, kama simba anaweza kuwa wa majiko mawili. Anaweza. Ni wa majiko mawili tangu mwaka bibi zao walipogombana, na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Hapo ndipo tulipokwama. Mawe ya kanisa yana sheria yake na mawe ya halmashauri yana sheria yake. Ofisi yako ilitutaka tuthibitishe lipi ni la Mungu na lipi ni la Meya, na kwa kuwa michoro ya zamani haipo, faili lilirudi kwetu mara mbili. Mara ya tatu halikurudi.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, pamoja na hayo tumefanya kazi.

Tuliyatoa mawe majumbani, yote, tukayapanga kwenye uwanja wa mpira. Timu yetu haijacheza nyumbani miaka miwili, na wapinzani wanasema ndiyo sababu imeanza kushinda. Kila jiko liliyalaza mawe yake jinsi yalivyokaa, la juu juu, la chini chini, halafu likaulizana na jiko jirani: "Wewe bega lako la kulia lilimgusa nani?" Ndivyo tulivyotembea, bega kwa bega, mpaka kuta zikalala chini kwenye majani zikiwa kamili. Yako mawe elfu tatu na kitu. Yaliyobaki bila kujulikana hayafiki mia tatu. Ukipanda juu kilimani unaona kanisa na Baraza vimelala chali.

Oktoba iliyopita ofisi yako ilimtuma Mhandisi Corrado Vidussi aje kututoa ujinga. Tunalitaja jina lake kwa heshima, na tunaomba asije akaadhibiwa kwa kutajwa na sisi. Alisema hakuna sayansi inayojenga kwa kumbukumbu za akina mama. Milka akamjibu, "Basi nifunge macho, mwanangu, tuone sayansi yako."

Alimfunga kwa skafu yake mwenyewe. Milka ana miaka sabini na sita. Mhandisi akamwekea mawe kumi mezani, ameyachagua uwanja mzima, mengine ya mtaa wa juu, mengine ya mtaa wa chini. Milka alipitisha viganja. "Hili letu, chini ya dirisha. Hili letu. Hili la akina Zamolo, wavivu wale, hawafiki kwenye pembe." Naomba Kamati isicheke. "Hili silisugui mimi, lakini nimelikalia miaka hamsini, ni la benchi la tatu barazani. Hili la Tilio."

Alipofika la tisa alisimama. Akalishika, akaligeuza, akalinusa. Mhandisi akauliza, "Vipi, mama, limekushinda?"

"Hili halina mtu," akasema Milka. "Hili halijasuguliwa tangu dunia iumbwe. Mmelitoa wapi?"

Mhandisi alivua miwani. Alikuwa amelitoa kwenye ukingo wa barabara kuu, kilomita tisa kutoka hapa, akalifuta vumbi na kulipaka chokaa kidogo. Alikaa nasi siku kumi na mbili. Alichora kila ukuta uliolala, akapima kila jiwe, akaandika ripoti yenye kurasa mia na kumi inayosema kwamba majengo haya yanaweza kusimamishwa tena kwa mawe yake yenyewe. Ripoti iliingia ofisini kwako mwezi wa Novemba. Mwezi wa Desemba mhandisi alihamishwa. Nakala aliyotuachia tunayo, na hatukusudii kuitoa kwa mtu.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ya kwanza, Mgeni rasmi, ni wewe.

Sentensi hiyo imepita bila kupingwa. Haikuwekwa ili kukutukana, kwa kuwa wewe ni mgeni na umekula kwetu. Tumeiweka kwa sababu tumechoka kuzunguka. Siku ile ya mvua, 1977, nilikuwa nimesimama karibu na lundo nikiwa na jiwe mkononi. Ulinipita, ukasema, "Mama, mbona mnajisumbua na takataka za ujenzi? Tutawapa kitu kipya." Nikakujibu, "Kipya tumeshapata, Mheshimiwa, tumepata makaburi thelathini na moja." Ulifunga daftari ukaingia kwenye gari. Huenda hukunisikia. Leo nina kipaza sauti.

Hatuchukii kitu kipya. Tulikubali viwanda vitangulie, tukakubali nyumba zifuate, na tunakaa kwenye mabanda ya mbao mwaka wa tatu huu bila kulalamika kwamba yanavuja. Tulisema kanisa lingoje, na limengoja. Lakini kungoja ni tofauti na kufutwa. Tulipoambiwa kanisa litakuja mwisho, hatukuambiwa kwamba mwisho wake ni kulazwa chini ya lami.

Na jengo hilo la zege, tumeuona mchoro wake. Ni zuri kwa posta. Kuta zake zitamiminwa mara moja, ni kipande kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulimwuliza kijana aliyeuleta: tarehe mbili Mei, kila jiko litasugua wapi? Alidhani tunauliza habari za usafi, akatuhakikishia kwamba halmashauri itaajiri mtu.

Baba Paroko wetu ameshinikizwa akubali. Meya wetu ameshinikizwa akubali. Wote wawili wamekubali, na wote wawili wana mawe pale uwanjani. Tunawasamehe mbele yako ili nao walale vizuri.

MAOMBI

Tulisema ombi ni moja. Kabla ya kulirudia, kuna jambo la kukuarifu.

Kama umemwuliza Meya kilichofunikwa turubai nyuma ya viti vyenu ni nini, amekuambia ni maandalizi ya sherehe. Hakudanganya. Ni sisi tuliovipanga viti mkaupa mgongo uwanja wa kanisa, na tulifanya makusudi, tukijua kwamba ukiona mapema hutakaa kusikiliza. Sasa umesikiliza. Tunaomba ugeuke.

Turubai limetolewa wakati ninasoma. Hiyo unayoiona ni nguzo ambayo nusu yake ni ya kanisa na nusu yake ni ya Baraza. Tuliichagua hiyo ianze ili asitokee mtu tena wa kutuuliza ni ya nani. Tilio Copetti alichanganya chokaa wiki tatu zilizopita, nasi tumeijenga safu kwa safu kwa kufuata mchoro wa mhandisi wako na mikono yetu wenyewe. Imefika usawa wa kifua. Imesimama ndani ya shimo lilelile mlilochimba kwa ajili ya jiwe lenu la msingi, kwa hiyo shimo halipo tena. Hatuna kibali. Walioijenga ni majiko tisini na nne, na majina yote yameambatishwa kwenye risala hii, pamoja na jina la Baba Paroko na la Meya, ambao hawakujua kwamba tumeyaweka. Ukitaka kushtaki, tafadhali leta basi kubwa.

Lakini umesafiri kutoka mbali kuja kuweka jiwe, na hatutaki urudi bila kuliweka.

Safu inayofuata iko tayari, mawe saba. Sita yana watu wake, unawaona wamesimama nayo. La saba ni la jiko la Madrassi. Lilikuwa jiko la watu watano, Beppino, mkewe, wanawe wawili na mama mkwe wake. Tarehe mbili Mei 1976 walilisugua jiwe hilo wakiwa kando yetu, wakitaniana. Tarehe sita walikufa wote, na jiko hilo halina tena mtu, si hapa, si Ubelgiji, si Ajentina. Kwa miaka mitatu tumelibeba tu, hakuna jiko lililothubutu kulisugua. Hata Milka hakuweza.

Tunakuomba wewe ulisugue. Ndoo ipo, maji ya majivu yana moto, aproni ni yangu na ni safi. Ukimaliza, Tilio atakushikia upande mmoja mliweke mahali pake, na jina lako litaandikwa kwenye daftari zetu kama zamu ya jiko la Madrassi, kila tarehe mbili Mei, mpaka utakapompa mwingine.

Na kama kweli ni kifusi, Mheshimiwa, basi itoe hati yako sasa. Hatuna meza ya kukupa. Ilaze juu ya jiwe hilo la Madrassi, utie sahihi hapo, sisi sote tukikutazama.

Mtakatifu Floriano aikinge nyumba yako na moto, na ardhi iliyo chini yake itulie. Na barabara yoyote utakayopita kurudi kwako leo na siku zote, Mungu ajalie lisiwepo chini yake hata jiwe moja la kwetu.

Ni sisi, tusioondoka hapa,
WASUGUA MAWE WA COLMAURO,
mtaa wa juu na mtaa wa chini, majiko tisini na nne, na moja linalokungoja wewe.